Rabi Aliyebeba Fimbo Siku ya Mfungo

Kila mwaka Wayahudi huadhimisha Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, na msikilizaji wetu wa Tanga ameleta swali zuri kweli. Anasema sisi kila mwaka tunavutana juu ya mwezi mwandamo, huyu anasali Idi leo, jirani yake kesho. Wayahudi nao wanafuata mwezi. Je, wao hawajawahi kuvutana?

Wamevutana, ndugu yangu! Na walivutana juu ya Yom Kippur yenyewe, siku kubwa kuliko zote, tena wakuu kwa wakuu. Kisa hiki nakipenda mno.

Siku yenyewe wengi mnaijua. Ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri. Mfungo unaanza jua likizama na kwisha kesho yake nyota zikitoka, kama saa 25 bila chakula wala maji. Hakuna kuoga, hakuna kujipaka mafuta, hakuna viatu vya ngozi. Wengi huvaa nguo nyeupe. Kitabu cha Yona husomwa alasiri, na mwishoni hupulizwa pembe ya kondoo dume. Na kuna sharti moja naomba mlishike, maana tutalihitaji: dhambi uliyomtendea binadamu mwenzako siku hiyo haikufutii, mpaka umwendee mwenyewe umridhishe.

Sasa twende Yavne, mji mdogo karibu na pwani ya Mediterania, ambako wanazuoni wa Kiyahudi wana baraza lao. Mwaka 70 Warumi wameliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Kuhani mkuu aliyekuwa akiingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, siku hii hii, hayupo tena. Madhabahu hakuna. Kilichobaki cha kuwaunganisha watu waliotawanyika ni vitabu, sala na kalenda. Na kalenda ilitegemea macho ya mashahidi: wawili wauone mwezi, waje barazani wahojiwe, ndipo mwezi mpya utangazwe.

Mkuu wa baraza alikuwa Rabi Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli aliyemfundisha Mtume Paulo. Alikuwa na michoro ya mwezi ukutani, katika chumba chake cha ghorofani. Shahidi akija, hata awe mtu wa kawaida asiyejua kueleza, anaonyeshwa: uliuona hivi, au hivi?

Siku moja wakaja wawili wakasema wameuona mwezi wa Tishri usiku uliotazamiwa, lakini usiku uliofuata haukuonekana. Jamani, mwezi umeandama leo, kesho umekwenda wapi? Gamalieli akawakubali! Mzee Dosa ben Harkinas akasema hao ni mashahidi wa uongo: mwanamke hawezi kuambiwa amejifungua jana na leo tumbo lingali limejaa. Rabi Yehoshua akamuunga mkono. Na kwa hesabu ya Yehoshua, Yom Kippur ikaangukia siku nyingine.

Huyu Yehoshua hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa Mlawi. Mapokeo yanamtaja kati ya wanafunzi waliombeba mwalimu wao, Yohanan ben Zakkai, ndani ya jeneza wakamtorosha Yerusalemu ilipozingirwa. Gamalieli akampelekea amri: siku ambayo kwa hesabu yako ni Yom Kippur, uje kwangu Yavne na fimbo yako na fedha zako.

Hapa msikilizaji wa Kisumu anatukatiza: fimbo na fedha zina ubaya gani? Swali la maana. Yom Kippur ni siku ya kuacha kazi zote. Kufunga safari umeshika fimbo na kibindo cha fedha ni kuivunja siku hadharani, kila mtu akikuona. Aliamriwa avunje kwa miguu yake siku aliyoiamini kuwa takatifu kuliko zote!

Mwanazuoni mwenzake, Rabi Akiva, alimkuta amejaa huzuni. Akamweleza kwamba Torati imewapa watu kazi ya kuzitangaza sikukuu, na baraza likishatangaza, siku imekuwa siku, hata kama limekosea. Yehoshua akaenda kwa mzee Dosa, yule yule aliyeanzisha ubishi. Naye akasema tukianza kulipinga baraza hili, itabidi tuyapinge mabaraza yote tangu enzi za Musa.

Yehoshua akashika fimbo, akachukua fedha, akaenda. Na Gamalieli akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima, na mwanafunzi wake kwa kuwa alitii.

Wengi huishia hapo. Mimi sikubali kuishia hapo! Baadaye Gamalieli akamfedhehesha tena Yehoshua kwa ubishi juu ya sala ya usiku, akamwacha amesimama mbele ya watu huku yeye akiendelea kufundisha. Safari hii wanazuoni wakasema basi. Wakamwondoa madarakani, wakamweka Elazar ben Azariah, kijana ambaye mapokeo yanasema alikuwa na miaka 18.

Ndipo Gamalieli akaenda nyumbani kwa Yehoshua kuomba radhi. Akaona kuta nyeusi kwa masizi, akashangaa: kumbe wewe ni mtu wa kazi ya moto! Yehoshua akamjibu kwa uchungu kwamba ole wao watu ambao kiongozi wao hajui wanazuoni wake wanavyohangaika kutafuta riziki. Mwishowe akamsamehe, na Gamalieli akarudishiwa heshima yake.

Ndugu wa Tanga, leo Wayahudi hawangoji mashahidi. Wana kalenda ya hesabu: kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi wa 13. Mapokeo yanamtaja Hillel wa Pili, wa karne ya nne, kuwa ndiye aliyeiweka. Lakini hesabu peke yake haileti amani. Utii wa Yehoshua uliwapa watu siku moja ya kufunga. Hata hivyo, nadhani mkuu aliitimiza maana ya siku hiyo pale tu alipokwenda mwenyewe hadi mlangoni pa aliyemuumiza. Anayetaka watu wamfuate kwenye tarehe yake awe tayari kuwaendea kwa msamaha.

Sasa leteni maoni: mngekuwa Yehoshua, mngekwenda Yavne?