Hesabu za Nyumbani: Kodi Ndogo, Nauli Kubwa

Shikeni kalamu na daftari, maana leo tutaandika hesabu. Ninyi mnaosikiliza kwa kikundi, mwenye mwandiko mzuri na aandike ubaoni, wengine wafuate.

Somo la leo linawahusu watu wanaofanya kazi Dar es Salaam na kutafuta mahali pa kukaa. Mji huu ni mkubwa. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Watu wakiwa wengi, vyumba vilivyo karibu na kazi hupanda bei. Tena wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Hutaka ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hujaingiza kitanda chako.

Kwa hiyo watu wanahamia pembeni. Wengine huenda Kibaha na Mlandizi kwa barabara ya Morogoro. Wengine huenda Chanika na Kisarawe, upande wa vilima vya Pugu. Wako wanaokwenda Vikindu na Mkuranga kwa barabara ya Kilwa, na wako wanaovuka maji kwenda Kigamboni, ambako daraja lilifunguliwa mwaka 2016.

Je, kodi ikiwa ndogo, maisha yamekuwa nafuu? Tusijibu kwa maneno. Tujibu kwa hesabu.

Tuchukue mfano. Yuko baba mmoja, ana mke na watoto wawili, naye hufanya kazi Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Ninyi mtaweka bei za kwenu.

Sasa baba huyu amepanga karibu na mji kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Hupanda daladala moja kwa shilingi 600, na kurudi shilingi 600. Kwa siku ni shilingi 1,200. Zidisha mara 26. Mmepata ngapi? Ni shilingi 31,200. Jumlisha na kodi: shilingi 151,200.

Rafiki yake amemwambia, "Huko nje ya mji kuna nyumba ya shilingi 50,000!" Baba amefurahi, anataka kuhama kesho. Ngoja kwanza. Nyumba hiyo iko ndani, mbali na barabara kuu. Asubuhi atapanda bodaboda mpaka barabarani kwa shilingi 1,000. Atapanda basi kwa shilingi 1,500. Kisha daladala ya pili mpaka kazini, shilingi 600. Jumla ni shilingi 3,100. Kwenda na kurudi ni shilingi 6,200 kwa siku. Zidisha mara 26: shilingi 161,200. Ongeza kodi ya shilingi 50,000, na jumla inakuwa shilingi 211,200.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Baba huyu amekimbia kodi ya shilingi 120,000, na sasa anatoa shilingi 60,000 zaidi kila mwezi kuliko zamani. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Fedha imepotelea wapi? Chora mstari chini ya bodaboda. Shilingi 2,000 kwa siku, mara 26, ni shilingi 52,000 kwa mwezi. Bodaboda peke yake imeshinda kodi ya nyumba! Sasa tuseme baba amepata nyumba ya bei ile ile, lakini anaweza kutembea kwa miguu mpaka kituo cha basi. Nauli yake itakuwa shilingi 4,200 kwa siku, yaani shilingi 109,200 kwa mwezi. Pamoja na kodi ni shilingi 159,200. Amebaki kuzidi hesabu ya kwanza kwa shilingi 8,000 tu.

Hili ndilo funzo kubwa la leo. Usiulize tu mji uko mbali kiasi gani. Uliza nyumba iko mbali kiasi gani na kituo.

Sasa tuhesabu saa. Alipokuwa karibu, safari ilimchukua saa moja kwenda na saa moja kurudi. Huko nje, barabara zikijaa magari, tuseme itamchukua saa mbili na nusu kila upande. Zamani zilikuwa saa 52 kwa mwezi. Sasa ni saa 130. Zimeongezeka saa 78. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni zaidi ya siku tisa za kazi, nazo hazilipwi na mtu yeyote.

Mama wa nyumba hiyo alipopigiwa hesabu, aliuliza, "Baba watoto, sisi tutakuona saa ngapi?" Swali lake ni zito. Baba atatoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala. Atarudi saa tatu usiku, watoto wamelala. Hata daftari ya shule hataikagua. Naye mama ana biashara yake ya vitumbua, ana wateja waliomzoea. Akihama, je, wateja watamfuata? Hesabu ya kuhama ni ya nyumba nzima. Baba asiifanye peke yake.

Je, tuseme kuhama ni kosa? Hapana. Iko hesabu ya tatu. Mtu akijenga chake huko nje, hata vyumba viwili, kodi inakwisha. Akibaki na nauli ya shilingi 109,200, amepunguza shilingi 42,000 kila mwezi katika ile hesabu ya kwanza ya shilingi 151,200. Tena ana nafasi ya kufuga kuku na kupanda mchicha. Kwa mtu kama huyo, Kibaha si mahali pa kudharau. Ni makao makuu ya mkoa wa Pwani, iko kwenye barabara kuu, ina shule za siku nyingi na hospitali ya Tumbi.

Lakini anayenunua kiwanja awe na macho. Aulize katika ofisi ya ardhi ya halmashauri kama kiwanja kimepimwa, na ni cha nani. Asitosheke na maneno ya muuzaji. Asilipe gizani bila maandishi na mashahidi. Akatazame mahali hapo wakati wa masika, si wakati wa kiangazi, maana bonde likikauka hufanana na uwanja mzuri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu wengi bonde la Msimbazi, na Serikali ikawapa viwanja Mabwepande.

Wengine huuliza juu ya treni ya umeme. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 26,000. Kwa siku 26 ni shilingi 676,000. Kwa mshahara mdogo haiwezekani. Lakini anayerudi kwake mara moja kwa juma, majuma manne, angelipa shilingi 104,000. Hesabu imebadilika kabisa.

Kabla ya kuhama, fanyeni jambo moja. Nendeni mkalale huko usiku wa Jumapili kwa ndugu au rafiki. Jumatatu alfajiri safirini mpaka kazini kama mtu anayekaa huko. Andikeni saa ya kutoka, saa ya kufika, na kila shilingi iliyotoka mfukoni. Waulizeni majirani bei ya dumu la maji, na watoto wanakosoma. Siku hiyo moja itawafundisha kuliko maneno ya dalali.

MASWALI

1. Andika kodi unayolipa sasa na nauli yako ya mwezi. Jumla ni ngapi?
2. Chagua mji mmoja ulio nje ya Dar es Salaam. Fanya hesabu hiyo hiyo.
3. Nyumba A ina kodi ya shilingi 60,000, na nauli ya shilingi 2,400 kwa siku. Nyumba B ina kodi ya shilingi 40,000, na nauli ya shilingi 3,400 kwa siku. Kwa siku 26, ipi ni nafuu, na kwa shilingi ngapi?
4. Zungumzeni katika kikundi: ni kitu gani katika kuhama ambacho hakihesabiki kwa shilingi?

Leteni majibu yenu kwa mwalimu wa darasa. Kwaherini, mpaka juma lijalo.