Mchapaji wa Fulana Mbele ya Sheria
(Hotuba ya wakili mmoja kwa wachoraji na wachapaji wa Kwale, iliyotolewa Ukunda)



Nilipoalikwa kuzungumza juu ya Katiba na uhuru wa maoni, niliomba radhi nisizungumze habari za wabunge wala wahariri wa magazeti. Hao wana mawakili wao. Nataka kumzungumzia mtu ambaye hatajwi katika mikutano yetu ya mageuzi, ingawa wengi humu ndani mmevaa kazi ya mikono yake. Huyo ni mchoraji na mchapaji wa fulana.

Kazi yake nimeijua kwa kuitazama, maana jirani ya ofisi yangu yuko kijana mmoja mwenye ufundi huo. Kwanza huchora, kisha mchoro hutolewa kwa wino mweusi juu ya karatasi angavu. Fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, katika chumba cha giza, halafu karatasi ile hulazwa juu yake na fremu ikatolewa juani. Palipopigwa na jua dawa hushika. Palipofunikwa na wino hubaki laini, ikaoshwa kwa maji na kuacha njia ya rangi. Hapo ndipo rangi hukokotwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira, fulana moja baada ya nyingine, hadi mkono ufe ganzi. Kila rangi ina fremu yake. Fulana ya rangi 3 ni fremu 3, na moja ikisogea kidogo tu, mheshimiwa mgombea hutokea na midomo miwili. Wako ambao picha hiyo ingewafaa.

Sisi watu wa pwani hatukufundishwa na vyama vya siasa kuvaa maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye leso za "Mali ya Abdulla", lilianzishwa Mombasa mwaka 1887. Leso imewasemea bibi zetu yale ambayo hawakuweza kuyatamka barazani, na aliyeguswa alijijua mwenyewe. Fulana ni mjukuu wa leso. Tofauti ni kwamba leso ilimtisha jirani, na fulana imewatisha wakubwa.

Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka jogoo wa KANU, simba wa FORD-Kenya na taa ya DP. Kwa mzee asiyejua kusoma, alama hizo ndizo zilizokuwa karatasi yake ya kura, naye aliyezichora vizuri alifanya kazi ya mwalimu wa uraia bila mshahara.

Lakini sheria ya wakati ule ilimtazamaje? Kifungu cha 57 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohusu uchochezi, hakikumtaja mwandishi peke yake. Kilimtaja pia anayechapa, anayeuza na anayesambaza, na hata kuwa na maandishi hayo nyumbani kulikuwa kosa. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6 kwa kupatikana na karatasi iliyoitwa ya uchochezi. Kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, nasi tukadhani mchapaji amepona. Hakupona. Mwaka 1993 polisi walikivamia kiwanda cha Fotoform mjini Nairobi, kilichokuwa kikichapa majarida ya upinzani, wakaondoa vipuri vya mitambo yake. Walijua kwamba mwandishi ukimfunga ataandika gerezani, bali mtambo usio na kipuri haunong'oni. Sheria ya uchochezi haikufutwa hadi 1997.

Imefutwa vitabuni. Katika vichwa vya baadhi ya watumishi wa serikali ingalimo. Kijana niliyewatajia alichukuliwa karakanani jioni moja pamoja na fremu zake na fulana zilizokuwa bado mbichi, akaulizwa swali moja usiku kucha: "Nani aliyekutuma?" Fulana zenyewe ziliuliza zilikokwenda fedha za barabara. Nilipofika asubuhi niliomba nionyeshwe kifungu alichokivunja. Hakikuonekana. Aliachiliwa adhuhuri, fremu zikabaki, na siku tuliporudishiwa, wavu wa zote ulikuwa umetobolewa. Hakuna aliyekiri. Basi shikeni haya: kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia wakati mahakama haiketi, ndipo apelekwe siku ya mahakama inayofuata. Na mali yenu ikichukuliwa, daini orodha iliyotiwa sahihi.

Najua mtaniuliza: je, tuchape kila tunacholetewa? La. Kifungu cha 33 kinalinda maoni, hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Sisi wa Kwale hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1997, Likoni ilipowaka moto mwezi Agosti na ghasia kuvuka hadi huku kwetu, vilikuwako vijikaratasi vya kuwatisha watu wa bara wahame. Yuko mtu aliyevichapa. Watu waliuawa, watalii wakakimbia, na aliyekuwa akiwauzia fulana zenye picha ya mnazi na dau akalala njaa pamoja na wengine. Hata hivyo, neno kali si lazima liwe jinai. Baraza la MRC lilipigwa marufuku mwaka 2010, na Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mimi sikubaliani na "Pwani si Kenya", lakini sitaki jambo hilo liamuliwe kwa kumpiga mchapaji.

Sasa nije kwenye fedha, maana nimeona nyuso zenu. Kuna wanaotaka demokrasia majukwaani na kukataa kulipa fulana. Mgombea akishinda hapatikani, akishindwa hana kitu. Chukueni nusu ya malipo kabla ya kununua fulana. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: idadi, rangi, bei, tarehe, sahihi. Mwandike pia kwamba mchoro unabaki mali ya mchoraji, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huihamishia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kwa aliyeiagiza, msipopatana vingine. (Michoro iliyokusudiwa tangu mwanzo kuzidishwa kiwandani ina sheria yake ya maumbo, tutaizungumza siku nyingine.)

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nayo yapasa imalize kesi ndani ya siku 60. Hamlazimiki kuwa na wakili, nami nasema hivyo nikijua ninajinyang'anya tonge. Deni la mkataba haliozi kabla ya miaka 6, kwa hiyo la uchaguzi wa Agosti 2022 ladaiwa hadi 2028. Nimeleta nakala za mkataba wa mfano, ziko mezani karibu na mlango. Wenye vitabu vya madeni wasiondoke. Tutaketi hapa hapa hadi magharibi.