Kuhesabu Wasemaji: Mbinu za Kukusanya Data za Takwimu katika Utafiti wa Kiswahili



1. Utangulizi

Awali ya yote nawashukuru waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa. Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kavu. Sisi watu wa lugha tumezoea kuvutiwa na mofimu, methali na mashairi. Dodoso na majedwali tumewaachia wachumi. Hata hivyo, kila tunapokitetea Kiswahili mbele ya serikali au mashirika ya kimataifa, silaha ya kwanza tunayoishika ni tarakimu. Ni vyema basi tujue silaha hiyo ilifuliwa wapi.

Tuanze na swali ambalo kila mwanafunzi wa Isimu ameulizwa: Kiswahili kina wasemaji wangapi? UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hutaja zaidi ya milioni 200. Vitabu vingine hutaja nusu ya idadi hiyo, na vingine chini yake. Sasa tujumlishe. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Hata tukimhesabu kila mtu wa nchi hizo mbili, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa, tunapata watu 109,305,416. Idadi ya watu imeongezeka tangu hapo, lakini bado mamilioni mengi mno lazima yatoke kwingineko, hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo sensa yake ya mwisho ilifanyika mwaka 1984.

Sisemi kwamba milioni 200 ni uongo. Nasema kwamba hakuna aliyewahesabu. Hoja yangu leo ni moja: takwimu haizaliwi wakati wa kujumlisha, huzaliwa wakati wa kuuliza. Kosa lililofanyika katika swali haliwezi kusahihishwa na kompyuta yoyote.

2. Tunamhesabu nani?

Kabla ya kuhesabu lazima tukubaliane kuhusu kinachohesabiwa. Msemaji wa Kiswahili ni nani? Je, ni mtu wa Makunduchi aliyelelewa kwa lahaja yake na kukutana na Kiswahili Sanifu darasani? Je, ni mchuuzi wa Kampala anayejua bei na salamu? Je, ni mkazi wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake kingemshangaza mwalimu wa Tanga? Kila jibu huleta jumla yake.

Sensa zetu hazijalijibu swali hili kwa sababu hazijaliuliza. Nchini Tanzania, sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Swali hilo liliachwa kwa ajili ya umoja wa taifa, na sababu hiyo si ya kubezwa. Lakini kabila si lugha, na kuondolewa kwa swali la kabila hakukuleta swali la lugha badala yake. Kilichopo ni swali kuhusu kusoma na kuandika: je, mtu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha zote mbili au kwa lugha nyingine? Hilo ni swali zuri, ila linapima elimu. Bibi asiyejua herufi hata moja, ambaye Kiswahili chake ndicho tungependa kukirekodi kabla hajatutoka, katika jedwali hilo si mtu wa Kiswahili.

Kenya huuliza kabila, na hapo tunaona hatari nyingine. Katika matokeo ya mwaka 2009, Waswahili walikuwa zaidi kidogo ya 110,000. Katika matokeo ya mwaka 2019, walioorodheshwa kwa jina hilo walikuwa karibu nusu ya idadi hiyo. Pwani haikupatwa na gharika katika miaka hiyo kumi. Tofauti kama hiyo lazima kwanza itafutwe katika orodha ya majina: nani amewekwa chini ya jina lipi, na nani amepewa mstari wake mwenyewe. Mtafiti atakayeziweka tarakimu hizo mbili katika grafu moja na kuandika kwamba Waswahili wanatoweka atakuwa amechora historia ya fomu akidhani amechora historia ya watu.

3. Nani anauliza, na nani anajibu?

Swali la lugha lina ugumu ambao swali la idadi ya mbuzi halina: linaulizwa kwa lugha. Karani anapobisha hodi na kuuliza kwa Kiswahili, “Mnajua Kiswahili?”, anayeelewa ameshajibu kabla hajafungua kinywa. Asiyeelewa hatajibu; atajibiwa na mwanawe. Tena, katika sensa mkuu wa kaya ndiye anayejibu kwa niaba ya wote. Baba humsemea mama, mama humsemea mkwe, na lugha ambayo bibi na mjukuu huitumia jikoni inaweza isifike kabisa katika dodoso.

Maneno yenyewe nayo yana mitego. Tanzania, ukimuuliza mtu anasema lugha gani, huenda akakutajia Kiswahili na Kiingereza tu, kwa kuwa Kisambaa au Kiha kwake si “lugha” bali ni “kilugha”. Mwingine atasema, “Nakisikia ila sikisemi.” Huyo tumweke wapi? Na katika miji ambako Kiswahili kinachezewa kila siku, utakutana na anayesema Kiswahili chake ni kibovu, naye amekueleza hayo kwa Kiswahili kisicho na kasoro ya kukuzuia kumwelewa. Anachokipima si uwezo wake. Anakumbuka alama zake za shuleni.

Kwa hiyo swali moja halitoshi. Napendekeza angalau maswali matatu: Ulipokuwa mtoto ulisema lugha gani nyumbani? Jana ulizungumza lugha gani, na nani? Je, unaweza kueleza shida yako kwa daktari kwa lugha hii bila mkalimani? La kwanza linatupa lugha ya kwanza, la pili matumizi, la tatu uwezo. Kila mtu ajijibie mwenyewe, na sehemu ndogo ya waliojibu ipewe zoezi fupi la kusimulia jambo, ili tujue pengo kati ya wanachodai na wanachoweza.

4. Tunawaendea wapi?

Hatuwezi kumfikia kila mtu. Ndiyo maana tunachukua sampuli. Uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha katika Afrika Mashariki, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1960, ulikadiria kwamba takriban asilimia 35 ya watu wazima wa Uganda waliweza kuzungumza Kiswahili. Ndani ya asilimia hiyo kulikuwa na jambo zito zaidi: wanaume walioweza waliwazidi wanawake kwa mbali. Fikirini basi mtafiti ambaye angekusanya data zake katika stendi za mabasi na kambi za askari peke yake. Angehoji watu wengi, angeandika kwa uaminifu alichosikia, na bado angerudi na nchi ambayo haipo.

Ukubwa wa sampuli hauponyi upogo wake. Watu 400 walioteuliwa kwa nasibu kutoka katika matabaka yanayojulikana ya umri, jinsia, mjini na kijijini wana thamani kuliko 4,000 waliopatikana kwa sababu walikuwa karibu na barabara ya lami.

Kanuni hiyo inawahusu hata wenzetu wasiohoji mtu. Kongoo ya Kiswahili iliyojengwa Chuo Kikuu cha Helsinki ina mamilioni ya maneno na imetufaa sana. Lakini sehemu kubwa yake ni maandishi ya magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Tukihesabu humo marudio ya neno fulani, tumehesabu Kiswahili kilichochapishwa. Ugomvi wa majirani, unyago na minong'ono ya wapenzi haviendi mtamboni.

5. Idadi bila umri

Kuna lugha ambazo takwimu mbovu huziudhi tu, na kuna lugha ambazo huziua. Kiswahili kiko katika kundi la kwanza. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yenye lugha zaidi ya 150. Kwa kuwa sensa haiulizi lugha, ilibidi kutegemea makadirio yaliyopatikana kupitia viongozi wa maeneo husika. Kazi hiyo ni msingi wetu hadi leo, nasi tunawajibika kuiendeleza.

Tukiiendeleza, tuongeze umri. Tuchukue mfano wa kubuni: lugha mbili, kila moja ina wasemaji 5,000. Katika ya kwanza, wasemaji ni wa rika zote. Katika ya pili, hakuna msemaji aliye chini ya miaka hamsini. Katika jedwali la jumla lugha hizi ni mapacha. Katika uhai, moja ina watoto na nyingine imeshaanza kuaga. Mwenye fedha za kurekodi lugha moja tu ataona tarakimu sawa na atachagua kwa kubahatisha.

6. Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumejivunia mali yetu kwa miaka mingi. Daftari bado ni jeupe. Nawaomba wataalamu wa lugha na wataalamu wa takwimu wakae meza moja kabla dodoso la sensa ijayo halijachapishwa, maana baada ya hapo tutabaki kulalamika kwa miaka kumi mingine. Na kwenu wanafunzi, ombi langu ni dogo. Katika tasnifu zenu, msituandikie tu kwamba “data zilikusanywa kwa hojaji na mahojiano”. Tuandikieni swali lenyewe neno kwa neno, lugha lililoulizwa, aliyeuliza, aliyejibu, na waliokataa kujibu. Msomaji akiyajua hayo ataweza kuipima tarakimu yenu. Asipoyajua, itambidi aiamini tu, na kuamini si kazi ya chuo kikuu.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulihesabu jibu bila kulikumbuka swali.