Ratiba ya Kidato cha Kwanza: Kumvusha Mwanafunzi Kutoka Kiswahili Hadi Kiingereza

(Mada kwa Semina ya Walimu wa Taaluma)

1.0 Utangulizi

Mtaala, muhtasari na azimio la kazi tunavijua sote. Sitawachosha kwa fasili. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mtaala, shule hupanga ratiba. Nitajikita kwenye hiyo ratiba, maana ndiyo tuliyoachiwa.

2.0 Tatizo

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma miaka 7 kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Akiingia Kidato cha Kwanza, Biolojia, Fizikia na Jiografia zote humgeukia Kiingereza. Kozi ya awali iliwekwa ili imvushe. Miaka yote niliyosimamia taaluma nimeiona ikifa kifo kilekile: wiki ya kwanza wengi hawajaripoti, wazazi bado wanahangaikia sare, wiki ya pili tunafundisha, wiki ya tatu mwalimu ananivuta pembeni, "Mkuu, silabasi haitaisha." Upimaji wa Kidato cha Pili unatutisha kabla mtoto hajajua kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Siku moja nilikagua daftari la binti mmoja. Maelezo ya usanisinuru yalinakiliwa kwa mwandiko safi, vichwa vimepigiwa mstari mwekundu, tiki ya mwalimu kila ukurasa. Nikamwomba anieleze. Akainama, akachezea kifuniko cha kalamu. "Haya, kwa Kiswahili." Akaeleza jua, maji na majani bila kukwama, aliyajua tangu shule ya msingi. Tiki zile zote zilikuwa za mwandiko.

Mada hii haigusi sera ya lugha ya kufundishia. Hilo lina wenyewe. Ila mtaala ulioboreshwa unadai umahiri. Na uwezo wanao: katika Historia ya Tanzania na Maadili, inayofundishwa kwa Kiswahili, watoto walewale wanaonyamaza kwenye Fizikia hubishana hadi kengele.

3.0 Mapendekezo

(i) Kozi ya awali isifupishwe kwa kisingizio cha silabasi.
(ii) Ikiisha, vipindi vyake viwili vya dakika 40 kwa wiki vibaki kwenye ratiba hadi Novemba.
(iii) Kazi hiyo asiachiwe mwalimu wa Kiingereza peke yake. Wa Biolojia afundishe msamiati wa Biolojia.
(iv) Bila kukiuka miongozo iliyopo, mwanafunzi aanzie kwenye anachokijua, kisha avushwe.
(v) Wanaochelewa kuripoti wasirukishwe kozi.
(vi) Walimu wazoefu wapangiwe Kidato cha Kwanza pia, wasirundikwe Kidato cha Nne.
(vii) Anayekagua daftari amsikilize na mwenye daftari.
(viii) Kwa msisitizo, na kama ilivyoelezwa katika (i), kozi isifupishwe.