Klachi Isiyoachia

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya injini ya pikipiki. Kitu hicho ni klachi. Najua wapo watakaosema, "Mtangazaji huyu leo kaishiwa. Tumemzoea akizungumzia bei ya mahindi na maji ya bomba, sasa kageuka fundi wa gereji." Nawaomba mnivumilie. Klachi hiyo nusura itoe roho ya mtoto wa watu, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva.

Nilikuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, nikielekea kijiji kimoja kurekodi kipindi cha wakulima. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na asubuhi ile baridi ilikuwa ya kuvaa koti. Nilifika kijiweni, kijana mmoja akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamjibu, "Marahaba, mura," maana ndivyo vijana wanavyoitwa huko Mara. Tukapatana nauli. Kabla hatujaondoka akaniambia, "Mzee, klachi inanisumbua kidogo. Nikiikamata haiachii vizuri. Juzi nimeweka pleti mpya, labda hazijakaa sawa."

Mimi nikatazama saa yangu, nikamwambia, "Twende tu, mura, nimechelewa."

Ndugu wasikilizaji, maneno hayo nitayakumbuka siku zote.

Tulikwenda hadi mahali ambapo barabara inashuka kuelekea kwenye kijito. Ng'ombe walikuwa wakivuka, na nyuma yao mtoto wa miaka kama kumi, fimbo begani. Kijana wangu alisimama kama inavyopasa. Akajaribu kuweka frii, gia ikakataa. Akabaki ameikamata klachi huku gia ya kwanza imeingia. Lakini pikipiki haikutaka kusimama. Ilikuwa ikivuta kwenda mbele, kidogo kidogo, kama ng'ombe wa plau aliyekwisha kusikia mjeledi. Kijana akabana breki ya mbele juu ya tope. Gurudumu likateleza, tukaanguka ubavu. Pikipiki ikajizungusha chini, gurudumu la nyuma bado likizunguka, ikafika hatua moja kutoka miguu ya yule mtoto ndipo injini ikazima.

Mtoto alitutazama, akawatazama ng'ombe wake, akaenda zake. Sisi tulibaki tumekaa kwenye tope bila kusema neno.

Tuliikokota pikipiki hadi kwenye maduka ya karibu, ambako chini ya mti tulimkuta fundi wa makamo. Nilidhani atashika spana mara moja. La hasha. Alianza kwa maswali, kama daktari. Ugonjwa ulianza lini? Ulikuja ghafla au pole pole? Mara ya mwisho umebadilisha kitu gani? Kijana akaeleza kuwa ulianza pole pole, majuma kadhaa nyuma. Fundi mwingine akamwambia pleti zimekwisha. Akanunua pleti mpya, akalipa ufundi, na ugonjwa ukabaki palepale.

Fundi akatikisa kichwa. "Basi ugonjwa haukuwa kwenye pleti, mura. Umemchinja mbuzi wa bure."

Kisha akatueleza, nami nawaeleza ninyi. Ndani ya injini ya pikipiki ndogo, hizi za sisi 125 au 150 tunazoziona kila siku, klachi ni pleti kadhaa za duara zilizopangwa kama chapati kwenye sahani. Chapati moja ni ya injini, inayofuata ni ya giaboksi, inayofuata tena ni ya injini, hivyo hivyo hadi mwisho. Springi zinazigandamiza zote pamoja, na nguvu ya injini inapita hadi kwenye gurudumu. Ukikamata mkono wa klachi, waya unavuta kimkono kidogo cha chuma kilichoko kwenye injini, nacho kinaziondolea pleti mgandamizo wa springi. Pleti zinaachana, na injini inanguruma peke yake.

Sasa sikilizeni jambo hili. Nafasi inayozitenganisha pleti hizo ni ndogo mno. Mkono unasafiri sentimita kadhaa pale kwenye usukani, lakini kule ndani kinachotokea ni milimita chache tu. Waya ukilegea kidogo, safari yote ya mkono inaishia katika kuondoa ulegevu, na pleti hazipati habari yoyote. Ndiyo maana ugonjwa mwingi wa klachi isiyoachia uko nje ya injini, mahali ambapo hata mimi na diploma yangu ya uandishi wa habari ninaweza kupaona.

Fundi alianza hukohuko nje. Alipima mchezo wa mkono wa klachi, yaani ule mwendo wa bure kabla waya haujaanza kuvuta. Katika pikipiki ndogo nyingi unatakiwa uwe milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, kama upana wa kidole. Wa kijana wetu ulizidi vidole vitatu. Akazungusha nati ya kurekebishia, mchezo ukapungua; akakamata mkono mara tano, mchezo ukarudi. Hapo akatabasamu. Akauchomoa waya kutoka kwenye ganda lake, na pale unapopinda karibu na taa tukaona nyuzi zake zimekatika nusu nzima. Zilizobaki zilikuwa zikinyooka kila zinapovutwa.

Waya mpya ulipatikana duka la pili. Bei yake haikuzidi sahani chache za ugali na samaki. Akaupaka oili, akaupitisha bila kuukunja, akarekebisha mchezo. Kisha akafanya jaribio ambalo kila mwenye pikipiki anaweza kulifanya. Injini ikiwa imezimwa, aliingiza gia ya kwanza, akakamata klachi, akaisukuma pikipiki. Ikaenda kwa wepesi. Kama ingekuwa nzito na kung'ang'ania, pleti zingekuwa bado hazijaachana.

Nilimwuliza, "Na kama waya ungekuwa mzima?" Akaniambia ndipo angetazama oili, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi inaoga katika oili ileile ya injini. Oili iliyozeeka ikawa nzito huzigandisha pleti, hasa asubuhi za baridi. Pikipiki iliyolala muda mrefu nayo pleti zake hushikana. Kwa hiyo tumia oili ya pikipiki. Alama ya JASO MA kwenye kopo inaonyesha kuwa imekusudiwa klachi za namna hii. Baada ya hapo ndipo fundi afungue kava na kutazama ndani: pleti za chuma zilizopinda kwa joto, pleti zilizopangwa vibaya, springi zisizolingana, au ile nyumba ya klachi iliyochimbika vijishimo, pleti zikanasa humo badala ya kuteleza.

Akaongeza onyo moja. Wapo vijana wanaokaza waya hadi mchezo wote unakwisha. Siku hiyo klachi inaachia vizuri sana, na kijana anafurahi. Kumbe sasa haishiki sawasawa. Inateleza kila anapopanda mlima na mzigo, pleti zinaungua, zinapinda, na baada ya muda zinakataa tena kuachia. Fundi alisema klachi isiyoachia na klachi isiyoshika ni ndugu wa tumbo moja.

Ndugu wasikilizaji, kwa nini nawaletea habari ya kijijini ninyi mlioko mjini? Kwanza, kwa sababu sote ni abiria. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za pikipiki za biashara, bodaboda imekuwa gari la mgonjwa, la mwanafunzi na la mama mjamzito, iwe Sirari, Nyamongo au hapo mtaani kwako. Pili, vijana wengi huendesha pikipiki za mkataba. Kila jioni mwenye chombo anasubiri hesabu yake, klachi iwe nzima au mbovu. Kijana wa namna hiyo hawezi kulala gereji siku mbili. Akiambiwa nunua pleti, ananunua. Akikosa fedha, anaendesha hivyohivyo.

Hebu tujiulize. Mwenye chombo anayedai hesabu kila jioni, je, anauliza pia hali ya breki na klachi? Na sisi tunaowafundisha vijana udereva, tunawafundisha kusukuma pikipiki kwa dakika moja kila asubuhi ili wajue kama klachi inaachia? Tunawaambia kwamba gia ikikataa kutoka na pikipiki inavuta, jambo la kwanza ni kuzima injini kwa swichi? Mambo hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu wa kuyasema.

Lakini sitaki kuwalaumu wengine nikajisahau. Kijana yule aliniambia ukweli kabla hatujaondoka. Alitaja ugonjwa wa chombo chake mbele ya mteja, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalifanyi. Mimi, mtu mzima, niliyeamkiwa shikamoo, ndiye niliyesema twende tu. Na kwa kuwa mimi ni mzee wake, angewezaje kunikatalia?

Jioni tulirudi Mugumu. Kila alipotaka kusimama, gia iliingia frii kwa kidole tu. Pale kijitoni alizima injini kabisa, ingawa njia ilikuwa tupu. Tulikaa kidogo tukisikiliza maji, kisha akapiga kiki tukaendelea.

Kesho asubuhi, bodaboda wako akikuambia kwamba chombo kinamsumbua, tafadhali shuka. Mpe nafasi akitengeneze, nawe tafuta kingine. Kuchelewa kazini kuna maelezo. Mwenzangu mmoja kazini kwetu anayajua ya kila namna. Lakini mama wa yule mtoto wa fimbo ningemweleza nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.