Kalamu ya Karani na Shamba la Mkulima
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme juu ya sheria ya mashamba, nami nimechagua kusema juu ya kalamu, kwa kuwa katika Tanzania yetu mambo hayo mawili hayaachani.

Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana. Haki ya mwenye kulima kwa desturi ilitajwa katika sheria mwaka 1928, lakini mkulima mwenyewe hakupata karatasi. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini baraza lile halikuwarudishia mashamba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema maneno mengine kabisa. Hakimiliki ya kimila ni sawa kwa hadhi na nguvu na hakimiliki itolewayo na Serikali, nayo yaweza kuwa haina mwisho wa miaka. Halmashauri ya Kijiji yasimamia ardhi kama mdhamini, wala haina ruhusa ya kumgawia mtu kabla ya kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwombaji naye apaswa kujibiwa katika siku 90.

Sasa tazameni, ndugu zangu, kibali hicho hukaa wapi? Hukaa katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na kitabu kile huandikwa na mmoja wetu. Akiandika kwamba watu walikubali, ilhali mkutano haukukutana, basi malisho ya kijiji kizima yamekwenda kwa mstari mmoja wa wino. Tena mgeni atakapo ardhi kubwa, huja na wakili wake. Mwanakijiji hana wakili ila kitabu kile. Wako wanaosema wakulima hawaijui sheria. Huenda ni kweli, lakini nionavyo mimi, ni wachache kati yetu walioisoma.

Liko jambo la wanawake, nalo sitalipita upesi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba desturi ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza shamba la urithi yapingana na Katiba. Sheria ya 1999 ikatia muhuri: desturi yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo, mume na mke waliolima pamoja miaka mingi wanapofika mezani, karani huuliza jina la bwana, akafunga daftari. Bwana akifa, shemeji hudai shamba kwa hati ile ile tuliyoiandika sisi. Sheria haikumdhulumu mjane yule. Kuuliza, “Na mama je, jina lako nani?” hakuchukui hata dakika moja.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichague wanachama wawili, waende masijala ya ardhi ya vijiji vilivyo karibu, watazame maombi yaliyopita siku 90 bila jibu, na hati za wenye ndoa zenye jina moja tu. Hesabu waliyoipata wailete mkutano ujao.

Habari ya ada na gharama za kupima nimeiacha makusudi, kwa kuwa ndugu yetu wa upimaji yupo hapa, naye aijua kunishinda.