Ukweli Usiokanika



Katika lugha ya Kiingereza lipo neno 'self-evident'. Maana yake ni ukweli unaojithibitisha wenyewe: mtu akishauelewa, hahitaji shahidi mwingine ili aukubali. Kwamba kitu kizima ni kikubwa kuliko kipande chake ni ukweli wa namna hiyo. Sisi twasema ni jambo lililo dhahiri, lisilokanika.

Neno hili lilipata sifa mwaka 1776, makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika yalipojitangazia uhuru. Thomas Jefferson, mwandishi wa rasimu ya Tangazo hilo, aliuita kwanza usawa wa wanadamu ukweli mtakatifu na usiokanika. Kabla Tangazo halijapitishwa, maneno hayo yalifutwa, mahali pake likawekwa 'self-evident'. Lakini Jefferson huyohuyo alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Ukweli uliokubaliwa kwa kalamu ulikanwa kila siku shambani.

Je, neno lile lilikuwa bure? Hasha! Mwaka 1848, wanawake waliokutana Seneca Falls walilitwaa neno lilelile, wakatangaza kwamba wanawake na wanaume wameumbwa sawa. Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, aliwauliza wananchi wa Rochester sikukuu yao ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika katiba ya Marekani mwaka 1865, na haki ya wanawake kupiga kura ikaingizwa humo mwaka 1920.

Wahenga walinena: ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Historia hii yatuonyesha kwamba mara nyingi uongo haujitengi wenyewe. Hutengwa na watu wanaodai neno litimizwe.

Tena tujihadhari na matumizi mabaya ya neno hili. Yuko mwenye mamlaka asemaye, "Jambo hili halina ubishi," si kwa kuwa ni dhahiri, bali kwa kuwa hataki kuulizwa. Tutawatambuaje? Ukweli ulio dhahiri hauogopi swali. Kadiri unavyohojiwa, ndivyo unavyong'aa. Kinachohitaji vitisho ili kikubaliwe hakijawa dhahiri bado.

Basi, tusikiapo katika mikutano yetu kwamba watu wote ni sawa, tusiishie kupiga makofi. Tuulize: je, mjane amepewa shamba lake? Je, maskini amesikilizwa barazani? Hapo ndipo ukweli usiokanika hukiriwa au hukanwa.